Mkate wa tini na uvimbe tunaouficha

Mahubiri mengi niliyoyasikia kuhusu mfalme Hezekia huishia aya ya sita. Unaijua habari yenyewe, mpendwa msomaji. Iko katika 2 Wafalme sura ya 20. Mfalme anaugua hata kufa, nabii Isaya anakuja kumwambia aitengeneze nyumba yake, naye anageuza uso ukutani na kulia. Isaya hajafika mbali, neno la Bwana linamrudisha: maombi yamesikiwa, machozi yameonekana, na miaka 15 imeongezwa. Hapo mhubiri hupaza sauti, kinanda huingia, na kanisa zima husimama.

Aya ya saba ni fupi, na sijawahi kuona mtu akiishangilia. Isaya yuleyule, akiwa bado ana ahadi ya Mungu kinywani, anaagiza uletwe mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la mfalme. Tini zilikuwa dawa ya zama zile. Mungu amekwisha kuahidi, nabii amekwisha kutangaza, na bado dawa inatafutwa na kubandikwa palepale panapouma. Isaya hakuona kwamba tini zinapunguza utukufu wa Mungu. Sijui sisi tulijifunza wapi kuona hivyo.

Nimeirudia aya hiyo mara nyingi tangu tulipomzika mama mmoja wa kwaya yetu. Aliimba sauti ya pili. Alikuja kwenye maombi ya Alhamisi akasema anasumbuliwa na kifua, nasi tulioongoza maombi tukaelewa kifua cha kukohoa. Tuliomba kwa ajili ya kifua chake miezi minane. Mimi ni mzee wa kanisa, na mara nyingi zamu ilikuwa yangu. Sikumwuliza hata mara moja kama amekwenda hospitali, wala hicho kifua kina nini hasa. Mwezi wa tano alitoa ushuhuda kwamba hasikii tena maumivu, tukapiga makofi na kuimba pambio. Sasa najua kwamba uvimbe wa saratani ya titi mara nyingi hauumi mwanzoni, na kwamba kutosikia maumivu si dalili ya kupona. Dada yake alipomfikisha hospitali ya rufaa, titi lilikuwa limeshafanya kidonda. Aliacha watoto watatu.

Basi nivumilie leo nikuletee tarakimu kidogo katika safu hii, maana nimezisoma nikiwa na deni.

Kati ya mwaka 2014 na 2017, watafiti waliwaandikisha wanawake zaidi ya 2,000 waliogundulika kuwa na saratani ya titi katika hospitali za Uganda, Zambia, Namibia, Nigeria na Afrika Kusini. Utafiti huo unaitwa kwa kifupi ABC-DO. Kila baada ya miezi mitatu waliwapigia simu wanawake hao, au ndugu zao, kuuliza hali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet Global Health. Miaka mitatu baada ya kugundulika, nusu tu ya wanawake wote walikuwa hai. Lakini nusu hiyo inaficha jambo. Kwa wanawake wa Kizungu wa Namibia, waliokuwa hai ni kama 90 katika kila 100. Kwa wale wa Nigeria ni 36. Ugonjwa ni mmoja na bara ni moja.

Watafiti hawakuishia kuhesabu makaburi. Walijiuliza ni vifo vingapi katika miaka hiyo mitatu vingeweza kuzuilika kama mwanamke aliyekwisha kuona dalili angegunduliwa mapema zaidi na tiba ikawa bora zaidi. Jibu lao ni kati ya vifo 28 na 37 katika kila 100. Angalia vizuri maneno hayo: mwanamke aliyekwisha kuona dalili. Hawakuzungumzia mashine za kupima kila mwanamke mzima nchini, ambazo hatuna za kutosha. Walimzungumzia mama ambaye tayari ameshika uvimbe akiwa anaoga, akanyamaza.

Utafiti huohuo ulihesabu na watoto. Kwa kila wanawake 100 waliokufa kwa saratani ya titi wakiwa na umri chini ya miaka 50, watoto 210 wenye umri chini ya miaka 18 walibaki bila mama. Niliposoma hapo niliiweka karatasi chini.

Kwetu Tanzania, tathmini ya huduma za afya ya matiti iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba takriban wagonjwa wanane katika kila kumi hugundulika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Hatua ya nne maana yake saratani imekwisha kutoka kwenye titi na kukaa mahali pengine, kwenye mifupa, mapafu au ini. Hapo madaktari bado wana la kufanya, na wengine huishi miaka kadhaa, ila kuiondoa kabisa ni jambo gumu sana. Hatua ya kwanza ni habari nyingine. Huko ndiko wanawake wengi wa nchi tajiri wanakokutwa, na wengi wao wanakufa wakiwa vikongwe, kwa maradhi mengine.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa malengo matatu kwa nchi zote, ambayo hata mtu asiye daktari anayaelewa. Wagonjwa 60 katika kila 100 wagunduliwe wakiwa hatua ya kwanza au ya pili. Tangu siku mwanamke anapofika kwenye kituo cha afya na dalili, jibu kamili lipatikane ndani ya siku 60. Na wagonjwa 80 katika kila 100 wamalize tiba waliyoanza.

Siku 60. Sisi tulimshikilia mama yetu kwa Alhamisi zaidi ya 30, na hizo ni siku kabla hajafika hata kwenye kituo.

Najua kuna mtu hapa atanikumbusha yule mwanamke wa Marko sura ya 5, aliyetokwa na damu miaka 12, akateswa na matabibu wengi na kutumia mali yake yote bila kupata nafuu. Habari hiyo imetumika mno kuwasema madaktari. Lakini isome tena polepole. Huyo mama alikuwa anauficha ugonjwa wake. Alikuja kwa nyuma, katikati ya msongamano, akitaka kugusa na kuondoka bila kujulikana. Bwana ndiye aliyesimamisha msafara wote, na Yairo pale pembeni bila shaka roho inamwenda mbio kwa ajili ya binti yake, mpaka mama yule akajitokeza na kusema ukweli wote mbele ya watu. Ugonjwa wa sehemu za siri za mwanamke ukasemwa hadharani, na aliyeusema akaitwa binti. Kanisa letu lingekuwa hivyo, mama wa sauti ya pili asingehitaji neno "kifua".

Turudi kwenye utafiti, maana kuna moja linalonishangaza na linalopaswa kuwafikia viongozi wa akina mama makanisani. Tumezoea kuwaambia wanawake wajichunguze wenyewe kila mwezi, tukidhani tumemaliza kazi. Katika jiji la Shanghai, China, wafanyakazi wa kike zaidi ya 266,000 wa viwanda vya nguo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa kwa makini namna ya kujichunguza, likakumbushwa na kusimamiwa. Matokeo yalitoka mwaka 2002, baada ya miaka zaidi ya kumi ya kuwafuatilia, na vifo katika makundi yote mawili vilikuwa sawa. Haina maana kwamba mwanamke asiujue mwili wake. Ina maana kwamba somo la kujigusa, likiachwa peke yake, halikuokoa maisha.

Sasa vuka uende Mumbai, India. Kuanzia mwaka 1998, wanawake zaidi ya 151,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 64 waliingizwa katika utafiti wa hospitali ya Tata Memorial. Nusu yao, kila baada ya miaka miwili, walichunguzwa matiti kwa mkono na wahudumu wa afya wa kike waliofundishwa kazi hiyo. Hawakuwa madaktari, wala hapakuwa na mashine. Baada ya miaka 20 matokeo yakachapishwa, mwaka 2021. Katika kundi lililochunguzwa, saratani ziligunduliwa zikiwa hatua za chini zaidi, na kwa wanawake wenye umri wa miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo tofauti ya vifo haikuonekana, na ni haki kusema hivyo. Lakini fikiria: mikono ya mwanamke aliyefundishwa, na njia iliyo wazi ya kumfikisha hospitali yule aliyekutwa na kitu.

Usharika wako haukosi muuguzi aliyestaafu. Wengi wameachwa wapange maua madhabahuni.

Hofu kubwa ya akina mama, na hili nimelisikia kwa masikio yangu baada ya msiba ule, ni kisu. "Nikienda watanikata ziwa, na baba watoto ataniacha." Nisikilize, mama. Kwanza, uvimbe mwingi wa kwenye titi si saratani kabisa. Unaweza kwenda kwa hofu na kurudi na jibu jepesi. Pili, mwaka 2002 zilichapishwa tafiti mbili kubwa, moja ya Marekani na nyingine ya Milan, Italia, zilizowafuatilia wanawake kwa miaka 20. Walioondolewa uvimbe peke yake na kupigwa mionzi waliishi sawasawa na walioondolewa titi zima. Anayekwenda mapema ndiye mwenye nafasi ya kubaki na titi lake. Anayechelewa kwa kuogopa kukatwa ndiye anayekatwa.

Na baba watoto, nawe ninakuona hapo safu ya nyuma. Hii habari ni yako pia. Mara nyingi nauli ya kwenda hospitali iko mfukoni mwako, na ruhusa ya kwenda iko kinywani mwako. Na tena, katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya titi, nusu mtu hadi mmoja ni mwanamume. Uvimbe nyuma ya chuchu yako si wa kufanyia mzaha.

Kuhusu dawa, kuna mambo mapya yanayofurahisha, na nitayapitia haraka kwa sababu mengi bado yako mbali nasi. Siku hizi saratani ya titi haihesabiwi kuwa ugonjwa mmoja. Kinyama kidogo huchukuliwa kwenye uvimbe na kupimwa ili kujua unakula nini, kama naweza kusema hivyo. Mwingine hustawi kwa homoni za kike. Mwingine una wingi wa protini iitwayo HER2. Mwingine hauna alama yoyote kati ya hizo, na huo huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, tena wakiwa vijana. Kwa huo, dawa zinazoamsha kinga ya mwili zimeanza kuonyesha matunda zikichanganywa na tibakemikali. Kwa ule wa HER2 kuna dawa ya trastuzumabu, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1998. Ilikuwa ghali mno. Mwaka 2015 iliwekwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mwishoni mwa 2019 shirika hilo likaidhinisha toleo lake la bei nafuu.

Lakini dawa ninayotaka uikumbuke ni ya zamani: kidonge cha tamoksifeni, kwa uvimbe unaostawi kwa homoni, na huo ndio wa wagonjwa wengi. Muungano wa watafiti uliokusanya majaribio ya nchi nyingi ulionyesha mwaka 2011 kwamba kukimeza kila siku kwa miaka mitano hupunguza vifo vya saratani hiyo kwa karibu theluthi moja, na faida hiyo huendelea hadi mwaka wa 15. Ni miaka 15, msomaji wangu. Ile ile ya Hezekia. Sidai kwamba kuna siri katika namba hiyo, nimeipenda tu.

Tatizo la kidonge cha miaka mitano ni miaka yenyewe mitano. Mama anapata nafuu, anatoa ushuhuda, anaonekana mwenye imani haba akiendelea kumeza dawa, anaacha. Hapa sisi viongozi wa kanisa tuna hatia ya moja kwa moja. Ushuhuda wa "nilitupa dawa zote" unapendwa kuliko wa "nimemaliza dripu ya sita na bado naendelea". Mimi ningependa kusikia huo wa pili ukipigiwa makofi. Ningependa pia mchungaji, kabla hajaweka mikono, aulize kwa upole: mama, umekwisha kumwona daktari? Akisema hapana, aombewe, kisha apangiwe mtu wa kumsindikiza Jumatatu.

Kusindikizwa si jambo dogo. Huduma za saratani nchini ziko mbali na wengi wetu: Ocean Road, Dar es Salaam, Bugando, Mwanza, KCMC, Moshi. Anayetoka Songea au Kigoma anahitaji nauli, mahali pa kulala, na mtu wa kumwangalia watoto, mara nyingi kwa wiki nyingi za mionzi. Bugando ni ya maaskofu wa Kanisa Katoliki, na KCMC nayo imelelewa na kanisa tangu ianzishwe. Wazee wetu walichanga fedha kujenga nyumba za uponyaji, halafu sisi wajukuu tunawafikisha watu humo wakiwa wamechelewa. Harambee ya kununua spika mpya hujaa kwa Jumapili mbili. Watafiti wa ABC-DO waliweza kumpigia simu mgonjwa kila miezi mitatu, na hawakuwa hata ndugu zake. Jumuiya yako hukutana kila wiki.

Nimeacha jambo moja la mwisho kwa sababu ni zito kwangu.

Binti mkubwa wa yule mama amemaliza chuo. Wiki chache zilizopita alinisubiri nje baada ya ibada.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akaniambia bibi yake mzaa mama naye alikufa kwa ugonjwa wa titi, na kwamba shangazi zake wamempangia kwenda kufunguliwa laana ya ukoo. Alitaka kujua kama aende.

Nilimwomba tuketi kwenye benchi pale chini ya mwembe. Nilimkumbusha Yohana sura ya 9, wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa na swali lao la kwanza likawa ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa njia zote mbili walizompa. Kisha nikamweleza nilichosoma. Kuna koo ambazo saratani ya titi hurudi kizazi baada ya kizazi, ndiyo. Mwaka 1990 mwanasayansi Mary-Claire King wa Marekani alionyesha mahali pa kuitafuta sababu katika chembe za urithi, na miaka michache baadaye zikapatikana jeni mbili zilizopewa majina ya BRCA1 na BRCA2. Kazi yake jeni hizo ni kukarabati chembe zinapoharibika. Mtu akirithi iliyo na hitilafu, ukarabati unalegea. Mwanamke wa namna hiyo ana uwezekano wa kama 70 katika 100 wa kupata saratani ya titi kabla ya miaka 80, na hatari ya saratani ya ovari nayo inapanda sana. Hitilafu hiyohiyo humgusa mwanamume kwenye tezi dume, na baba anaweza kumrithisha binti yake sawasawa na mama. Ndiyo maana ukiulizwa historia ya familia usitaje upande wa mama peke yake.

Lakini nilimwambia pia kwamba koo za namna hiyo ni chache. Saratani za titi zinazotokana na jeni za kurithi ni kama 5 hadi 10 katika kila 100. Wanawake wanane katika kila tisa wanaopata ugonjwa huu hawana mama, dada wala binti aliyewahi kuupata. Na wengi wenye ndugu aliyeugua hawaugui kamwe. Kwake yeye, mwenye mama na bibi, la busara ni daktari kujua mapema na kumfuatilia kuanzia sasa.

"Kwa hiyo nisiende kwenye maombi?"

"Uende, mwanangu, nami nitakuombea. Ila Jumanne twende kwanza hospitali."

Tulikwenda. Foleni ilikuwa ndefu, tukakaa tangu asubuhi mpaka karibu saa saba mchana. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, amechoka, lakini alivuta pazia, akamketisha, akachukua kalamu na kumwuliza maswali. Nilikuwa nje ya pazia na nilisikia. Kuna mabadiliko yoyote umeyaona? Upande gani? Tangu lini? Mama alianza kuumwa akiwa na umri gani?

Yalikuwa maswali manne. Hayakuchukua hata dakika tano.